Punguzeni Jasho, Msipunguze Hatua

Wajukuu zangu, jambo hili la kutoruka hatua jikoni nimelisema mara nyingi, nanyi mmenisikiliza kwa adabu kisha mkaendelea na yenu. Sikasiriki. Mzee huchoka mwili, lakini haruhusiwi kuchoka kuonya. Leo nitawapeleka kwenye majiko ya Amerika, kwa watu waliotupatia mahindi, muhogo, maharage, nyanya na pilipili, vyakula tunavyovila kana kwamba vimeota kwetu tangu dunia iumbwe. Tulipewa mbegu zao. Ninachotaka mjue ni kile ambacho hakikusafiri pamoja na mbegu hizo.

Tuanze Mexico, ambako mahindi yalianza kulimwa yapata miaka 9,000 iliyopita. Mama wa huko hachukui punje kavu akazisaga moja kwa moja. Jioni huyatia mahindi kwenye chungu cha maji, akakoroga chokaa kidogo, akayachemsha kwa muda, kisha akaepua na kuyaacha yalale humo humo hadi asubuhi. Kunapopambazuka, maji yamekuwa ya manjano na maganda yanateleza. Huyaosha maji baada ya maji, huku akiyasugua kwa viganja mpaka maganda yatoke na punje zibaki nene na laini. Hayo ndiyo yaitwayo nixtamal. Akiyasaga juu ya jiwe hupata donge linaloshikana, akalipiga likawa mkate mwembamba wa tortilla, akauoka juu ya kigae cha moto pasipo tone la mafuta. Wahopi wa Arizona hutumia majivu ya vichaka badala ya chokaa, na Wacherokee majivu ya kuni. Nchi ni mbalimbali, lakini hatua hiyo hawaiachi.

Wazungu walipoichukua mbegu na kuvuka nayo bahari, hawakuona haja ya usumbufu huo. Walisaga, wakapika, wakashiba. Mwaka 1735, huko Asturias nchini Hispania, daktari Gaspar Casal aliwakuta maskini ambao chakula chao kilikuwa mahindi karibu matupu: ngozi ya shingo na mikono imebabuka, nguvu zimewaishia, na wengine akili zimevurugika. Ugonjwa huo ulikuja kuitwa pellagra. Ulienea kaskazini mwa Italia, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukaangamiza maelfu kwa maelfu kusini mwa Marekani. Mwaka 1914 serikali ilimtuma daktari Joseph Goldberger kuuchunguza, naye akaonyesha kwamba hauambukizi, bali unatokana na chakula duni. Ilipofika mwaka 1937, Conrad Elvehjem akakitambua kirutubishi kilichokosekana, yaani niasini. Kumbe niasini imo ndani ya mahindi, ila imefungwa, na chokaa ndiyo inayoifungua. Mabibi wa Mexico hawakuwa na maabara. Walikuwa na hatua waliyorithi, na hawakuiruka.

Wala msidhani hayo ni mambo ya mbali. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliishi kwa mgao uliokuwa mahindi kwa sehemu kubwa. Karanga zilipokatika kwenye mgao, watu zaidi ya 17,000 waliugua pellagra kwa miezi michache tu. Karanga zile ndizo zilizokuwa zikiziba pengo. Ndiyo maana nawasihi msikione kitoweo kuwa ni anasa. Sisi hatukurithi chokaa ya Mexico, lakini wazee wetu walipika makande ya mahindi na maharage, wakala ugali kwa dagaa, karanga na mboga za majani. Sahani ya ugali kwa chumvi inashibisha, wanangu, lakini mwenye kuila hivyo siku zote anajila mwenyewe. Wala simtumi mtu kutia chokaa ya kupaka nyumba kwenye sufuria. Nasema chakula kikuu kina wenzake, na kuwatenga ni hatari.

Sasa ufuateni muhogo kwao, bonde la Amazon. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na wenyeji wanaijua tangu enzi. Huumenya, wakaukuna, wakazishindilia chicha zake ndani ya tipiti, mfuko mrefu mwembamba uliosukwa kwa nyuzi za mimea. Mfuko hutundikwa juu, kisha huvutwa kwa chini. Unavyorefuka ndivyo unavyobana, na maji ya sumu hutiririka. Chicha kavu hukaangwa kwenye sinia pana la moto hadi ziwe unga wa chengachenga wanaouita farinha. Maji yale nayo hayamwagwi. Huachwa yatulie, wanga ukazama chini, na maji ya juu yakachemshwa kwa muda mrefu mpaka sumu iishe. Huo ndio mchuzi wa tucupi, unaomiminwa juu ya nyama ya bata katika mji wa Belém. Hata kisamvu chao, wanachokiita maniçoba, hukaa motoni karibu wiki nzima.

Tazameni basi kilichotokea upande wetu. Mwaka 1981, huko Nampula nchini Msumbiji, ukame ulikausha kila kitu isipokuwa muhogo mchungu. Kwa njaa, watu waliula bila kuuanika siku za kutosha. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo. Mwaka 1985 ugonjwa huo ulionekana Tarime, hapa Tanzania. Siwalaumu hata kidogo, kwa maana njaa haina mjadala. Lakini ninyi mnaoruka hatua bila njaa, kwa haraka tu, mtajitetea kwa lipi?

Mtaniambia mzee anachukia mashine. La. Katika miji ya Mexico watu wengi waliacha jiwe zamani, wakapeleka nixtamal kwenye kinu cha mtaani. Hata unga wa tortilla unaouzwa kwenye mifuko umepitishwa kwenye chokaa kwanza. Huko Brazili, kwenye vibanda vya kutengenezea farinha, injini hukuna muhogo badala ya mikono, lakini kukamua na kukaanga kuko pale pale. Hilo ndilo neno langu kwenu: punguzeni jasho, msipunguze hatua. Mgongo wa mama ukipumzishwa na mashine, mimi nitashangilia. Mkiondoa kitu ambacho hamjui kazi yake, hapo ndipo ninapowazuia.

Kwa hiyo mkiingia jikoni kwa bibi au shangazi, msiulize vipimo peke yake. Muulizeni kwa nini anaroweka muhogo siku tatu na si moja, kwa nini kisamvu hukitwanga na kukichemsha muda wote huo, na alishaona nini kwa mtu aliyeharakisha. Akijibu kwamba ndivyo alivyofundishwa, msiseme basi haina maana. Mwulizeni mwingine, mtafute mtaalamu wa lishe, msome. Zipo desturi mtakazokuta hazina faida, nazo ziacheni kwa amani, maana mtakuwa mmeuliza kwanza. Na mkiona kwenye simu pishi la ugenini, lichukueni zima, pamoja na ule usiku wa kungoja.

Nimezika wapishi wengi ambao hakuna aliyewahi kuwauliza swali moja. Waliondoka na majibu yao, na hayo hayachimbuliki tena. Mwenyezi Mungu awape ninyi masikio na subira. Aliye na bibi hai, aende akamuulize wiki hii.