Parseli ni yangu, na maji ya mvua ni ya nani?

Kule Bukavu, mutu akipata franga kidogo, anajenga ukuta kuzunguka parseli yake na kumwaga simenti kiwanja kizima. Tunamusifu: sasa kwake ni safi. Lakini Bukavu ni muji wa milima, juu ya ziwa Kivu, na mvua inanyesha tangu Septemba mpaka Mei. Maji ambayo udongo ulikuwa unakunywa, sasa yanakimbia. Yanaenda wapi? Kwa jirani wa chini. Huko Kadutu udongo umeshatelemka na nyumba, hata na watu.

Wazee wetu walijua kupanga uwanja. Ugo wao ulikuwa wa miti hai. Migomba ilizunguka nyumba, ikashika udongo na kula takataka za jikoni. Ugo ulionyesha mpaka, lakini haukukataza salamu.

Wengine watajibu: kila mutu ni mwami kwake. Je, ni kweli? Sheria ya 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba udongo ni mali ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia tu. Na hata kama sheria ingenyamaza, haki yangu haiwezi kuwa kilio cha mwenzangu.

Hatulaumu ukuta, maana wezi wako. Tunaomba kiasi: acha sehemu ya udongo wazi, panda majani na muavoka, chimba shimo la maji, mupatane na majirani juu ya mufereji.

Ndugu musomaji, mbele ya kumwaga simenti, shuka kwanza uone kwa jirani.