Wati Mia Sita za Kwenye Boksi

Kijana wa kisa hiki simpi jina, maana kila mtaa una wake. Alikuwa na shilingi laki saba, akiba ya kuuza vocha na kuchaji simu za watu, na alitaka kompyuta ya kuchezea GTA V na mpira. Laki saba si haba, lakini kwa kompyuta ya gemu ni pesa ya kuhesabia hadi waya. Aliposhuka Kariakoo alikuwa na namba tatu kichwani: i7, giga 8, wati 600. Wauzaji wana masikio. Mteja akija anaulizia namba, anauziwa namba.

Ya kwanza aliipata kabla jua halijawa kali. Ilikuwa kompyuta ya mtumba kutoka ofisini huko Ulaya, imefutwa vumbi hadi inameta, ina kibandiko cha i7 kifuani. "Hii i seveni bosi, juu yake hakuna kitu," akaambiwa, na hakuuliza ni i7 ya lini. Prosesa ilikuwa i7-2600, ya mwaka 2011. Kwa prosesa za enzi hiyo, tarakimu inayofuata kile kistari ndiyo inayotaja kizazi, na hii ilikuwa ya kizazi cha pili. Prosesa ya i3-12100 ya mwaka 2022, ambayo angepita mbele yake bila kugeuza shingo kwa sababu ya hiyo "3", ina kori nne vilevile na inaiacha mbali i7 hiyo. Hata hivyo hapa simlaumu sana. GTA V ilifika kwenye kompyuta mwaka 2015 na i7 kuukuu bado inaimudu. Alilipia kibandiko, basi. Mashine ilikuwa nzima.

Kadi ya picha ndiyo iliyomeza sehemu kubwa ya akiba. Alichukua RX 580 ya giga 8, ya mtumba, kwa bei iliyomfanya ajione mjanja. Kadi hizi ni nyingi na ni rahisi kwa sababu inayojulikana: zilifungwa kwa wingi kwenye mitambo ya kuchimba sarafu ya Ethereum, na Septemba 2022 uchimbaji huo wa kutumia kadi ulikoma, wenye mitambo wakazimwaga sokoni. Kadi iliyokesha usiku na mchana kwa miaka si lazima iwe mbovu. Feni zake huwa zimechoka na pasta ya kupozea imekauka, mambo ambayo fundi huyamaliza mchana mmoja. Shida ni kwamba RX 580 hunywa umeme hadi wati 185 na inadai waya wake wenyewe kutoka kwenye pawa saplai. Pawa saplai iliyokuja na kompyuta ile ya ofisini haikuwa na waya huo.

Laki saba ikawa imebaki elfu hamsini na kitu. Pawa saplai ikanunuliwa kwa kilichobaki, na kwa maoni yangu hapo ndipo kisa kinapoanza hasa. Boksi liliandikwa 600W kwa herufi kubwa kuliko jina la aliyeitengeneza. Ilikuwa nyepesi mkononi, akafurahi kwamba haitamsumbua kwenye daladala.

Nyumbani kompyuta ikawaka. Picha safi, muziki wa gemu ukapiga, majirani wakaitwa. Alipoingia mjini Los Santos, ndani ya gemu, na kukanyaga mafuta, ikazima ghafla, giza tupu. Akaiwasha, ikawaka bila kinyongo. Akaingia tena mjini, ikazima tena. Alikwenda kwa aliyemuuzia kadi wakakaribia kushikana mashati, lakini kadi ilipofungwa kwenye mashine ya dukani ilifanya kazi vizuri. Akarudi akalaumu umeme wa mtaani, kisha joto, akaacha ubavu wa kompyuta wazi na kuielekezea feni ya mezani. Siku moja ikanukia kuungua na haikuwaka tena. Pawa saplai ilikuwa imekufa, na mazabodi imeondoka nayo.

Fundi aliyempelekea hakuhitaji kipimo. Aliigeuza pawa saplai ubavuni, penye jedwali dogo ambalo wanunuzi hawalisomi. "Mdogo wangu, soma hapa kwenye volti 12." Pameandikwa ampia 16. "Zidisha mara 12." Wati 192. Kadi ya picha na prosesa hula karibu umeme wao wote kutoka kwenye mstari huo wa volti 12, na wewe tayari una wati 185 za kadi na 95 za prosesa. Gemu ikiwa kwenye menyu, vyote viwili vimesinzia na mzigo ni mdogo. Mchezo ukianza, 280 zinataka kupita kwenye mlango wa 192. Ile 600 ilijengwa kwa kujumlisha na mistari mingine ambayo kadi haiigusi, na sehemu yake nyingine, sijui niiite nini, ni wino tu.

Kwa pesa ile ile, fundi akamwambia, angechukua GTX 1650 ya kawaida, isiyo na tundu la waya wa ziada: inakula wati 75, zote kupitia nafasi yake kwenye mazabodi. Pawa saplai ya ofisini isingeguswa. Ni kadi ya giga 4, imetoka mwaka 2019, na ingechezesha kila alichotaka kucheza.

Kijana akaamua kuiuza RX 580 ili apate pesa ya mazabodi. Mnunuzi alikuja na kompyuta yake na programu ya GPU-Z kwenye flashi, akaifunga kadi, akasoma kimyakimya. RX 580 kamili ina vitengo 2304 vya kuchora picha. Hii ilisomeka 2048, lile toleo lililopunguzwa lililotolewa kwa soko la China mwaka 2018. "Kaka, hii nakupa nusu."

Kijana akaichukua nusu hiyo.