Kitabu Mkononi mwa Mwenye Nguvu

Kabla hata kisu kimoja hakijachomolewa katika tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, Caesar amekwisha kumtambua mtu wa kumwogopa. Anamweleza Antony kwamba Cassius amekonda mno, anawaza kupita kiasi, hapendi michezo wala muziki, tena anasoma sana. Kusoma kunatajwa pale pamoja na dalili nyingine za hatari, na Caesar hakukosea, maana Cassius ndiye anayesuka njama na kumvuta Brutus ndani yake. Brutus naye ni mtu wa vitabu. Baadaye, vita vikikaribia na watumishi wamesinzia, anatoa kitabu mfukoni mwa joho lake, anatafuta ukurasa aliokuwa ameukunja, na mzimu wa Caesar unamkuta akisoma.

Wasomaji wawili hao wamemuua mtu, na Roma imeingia vitani wenyewe kwa wenyewe. Hili linapaswa kumsumbua kila anayewaambia vijana, kwenye mahafali na semina za uongozi, kwamba mwenye kusoma vitabu vingi ndiye atakayekuwa kiongozi bora. Kusoma humpanua mtu akili, humpa maneno, humwonyesha njia ambazo wengine walizipita. Je, kunamfanya awe mwema? Na akishapata madaraka, kuna kitabu gani kinachoweza kumzuia?

Joseph Stalin alisoma tangu ujana. Alipokuwa mwanafunzi wa seminari ya Waorthodoksi mjini Tbilisi aliadhibiwa kwa kusoma kitabu cha Victor Hugo kilichokatazwa, na alipokufa mwaka 1953 aliacha maktaba inayokadiriwa kuwa na vitabu 25,000 hivi: historia, siasa, vita, riwaya, hata maandishi ya wapinzani wake. Havikuwa vitabu vya kupamba rafu. Alisoma na penseli mkononi, akapiga mistari, akasifu pambizoni, akatukana pambizoni. Mkono huo huo ulitia saini orodha za watu wa kuuawa, na katika miaka ya 1937 na 1938 peke yake zaidi ya watu 600,000 walipigwa risasi na dola aliyoiongoza. Kwa idadi ya vitabu, viongozi wachache wa karne ile wangeweza kushindana naye.

Namna alivyosoma ndiyo inayoeleza zaidi. Stalin alikaa mbele ya kitabu akiwa hakimu, na mwandishi akawa mshtakiwa. Hukumu iliandikwa pembeni mwa ukurasa na hapakuwa na rufaa. Mtu anaweza kusoma hivyo maisha yake yote, akazidi kuwa mjuzi na akazidi kuwa hatari.

Watu wa kale walioandika sheria za Israeli walimtafutia mfalme namna nyingine ya kusoma. Sura ya 17 ya Kumbukumbu la Torati inamwekea masharti: asijiongezee farasi, wala wake, wala fedha na dhahabu kupita kiasi. Kisha linafuata sharti ambalo mtu hakulitarajia. Akishaketi katika kiti cha enzi, ajiandikie nakala ya sheria, akae nayo, aisome siku zote za maisha yake. Wafalme walikuwa na makarani wa kuwaandikia, lakini hapa mwenye taji ndiye anayewekewa kazi ya karani, neno baada ya neno, pamoja na yale maneno yanayombana. Sababu nayo imetajwa wazi: amche Mungu, na asije akajiona bora kuliko nduguze. Hakuna lolote pale juu ya ufasaha wala ujanja wa kutawala wala kuwazidi wengine elimu. Kusoma kumewekwa katika orodha moja na marufuku ya farasi na dhahabu, yaani katika mambo yanayoyawekea madaraka mpaka.

Msomaji wa Kurani atakutana na wazo lililo jirani na hilo katika sura ya 96, Al-Alaq. Aya zake tano za mwanzo, ambazo kwa Waislamu ndizo zilizotangulia kuteremshwa, zinaanza kwa amri ya kusoma, na anayeamriwa ni Mtume asiyejua kusoma wala kuandika. Amri yenyewe haiishii kwenye kusoma tu, kwa kuwa kusoma huko kunafungamanishwa na jina la Mola aliyeumba. Na sura haiendi mbali. Mara baada ya kutaja kalamu na elimu, inaonya kwamba binadamu hupindukia mipaka pale anapojiona amejitosheleza. Watoto wa madrasa huihifadhi sura hii wakiwa bado wadogo, kwa sababu imo katika juzuu ya Amma. Uzito wa amri ile kufuatwa papo hapo na onyo huonekana vizuri zaidi mtu akishakuwa na wa kuwaamuru.

Marcus Aurelius, aliyetawala Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180, alikuwa nao wengi. Katika maandishi aliyojiandikia mwenyewe anamshukuru mwalimu wake Rusticus kwa kumzoeza asome kwa makini bila kuridhika na kuelewa kwa juu juu, na kwa kumpa nakala yake ya mafundisho ya Epictetus. Epictetus alikuwa mtumwa kabla ya kuwa mwalimu wa falsafa. Mtawala wa Roma, basi, alikuwa akiihoji nafsi yake kwa maneno ya mtu ambaye sheria za Roma ziliwahi kumhesabu kuwa mali. Ni jambo kubwa. Hata hivyo Wakristo wa Lyon waliteswa na kuuawa mwaka 177, yeye akiwa madarakani.

Afrika Mashariki ina mfano wake, na hauhitaji kupambwa. Julius Nyerere alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa. Alisoma Makerere, akafundisha Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949 na kurudi mwaka 1952 na shahada ya M.A., kisha akafundisha Pugu hadi alipoacha kazi mwaka 1955 ili akiongoze chama cha TANU. Miaka miwili hivi baada ya uhuru wa Tanganyika, mwaka 1963, tafsiri yake ya Julius Caesar ilichapishwa. Rais wa nchi changa, mwenye jeshi na polisi chini yake na watu wengi wa kumsifu, alichagua kukaa na kisa cha mtawala anayeuawa na watu wake wa karibu kwa sababu wanaogopa kwamba atajifanya mfalme. Mwezi Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na kwa siku kadhaa haikujulikana vizuri nani anaishika Dar es Salaam. Kisa cha Roma hakikuwa mbali na Ikulu.

Kutafsiri ni kusoma kwa mwendo wa polepole kuliko kusoma kwingine kote. Mtafsiri haruki mstari asioupenda. Brutus lazima apewe hoja zake zote mbele ya umati wa Roma, kisha Antony naye apewe zake, zenye nguvu ile ile, na anayempendelea mmoja ataiharibu kazi. Nyerere hakuridhika na toleo lile la kwanza. Alilirudia na kulisahihisha, na toleo jipya, Juliasi Kaizari, likatoka mwaka 1969, mwaka uliotoa pia Mabepari wa Venisi. Wanaotafuta mahali ambapo kusoma kunamjenga kiongozi watazame hapa: mkuu wa nchi anakichukua kitabu chake kilichokwisha kuchapwa, chenye jina lake juu ya jalada, anakiri kwamba hakikutosha, anakaa chini kukiandika upya. Mfalme wa Kumbukumbu la Torati aliagizwa kazi ya aina hiyo. Nyerere alijipa mwenyewe.

Tamthilia hiyo hiyo ilisomwa katika gereza la Robben Island. Mfungwa mmoja, Sonny Venkatrathnam, alikuwa na kitabu cha tamthilia zote za Shakespeare, akakifunika kwa kadi za Diwali ili askari wadhani ni kitabu cha dini ya Kihindu. Alikizungusha kwa wenzake, kila mmoja achague sehemu inayomgusa na kutia saini. Nelson Mandela alitia yake tarehe 16 Desemba 1977, kando ya maneno ya Caesar juu ya woga na kifo. Kwa mtu aliyehukumiwa kifungo cha maisha, uchaguzi huo unaeleweka. Lakini inafaa kukumbuka kwamba katika tamthilia Caesar anayasema maneno hayo ya ushujaa akiwa anapuuza onyo la mkewe, saa chache kabla ya kuuawa. Maneno yaliyomtia moyo mfungwa ni yale yale yaliyomziba masikio mtawala. Ukurasa ni mmoja. Mfungwa na mtawala wanauendea kutoka pande mbili tofauti, na Mandela mwenyewe, miaka 17 baadaye, alihamia upande wa pili.

Nyerere alikuwa upande huo kwa zaidi ya miongo miwili, na vitabu havikumlinda kila mara. Mwaka 1968, katika andiko lake Uhuru na Maendeleo, alisisitiza kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuishi katika vijiji vya ujamaa, na kwamba kazi ya kiongozi ni kueleza na kushawishi. Mwaka 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Katika Operesheni Vijiji mamilioni walihamishwa, wengine kwa nguvu, nyumba zao zikavunjwa au kuchomwa ili wasirudi. Mtu aliyekuwa tayari kurudia tafsiri yake mstari kwa mstari hakurudi kulisoma andiko lake la miaka mitano nyuma, au alilisoma asikubali limzuie. Vyovyote ilivyokuwa, ni funzo chungu kuhusu kusoma peke yako ukiwa na dola mkononi. Mwaka 1984, akikaribia kung'atuka, alikiri katika mahojiano kwamba kama angeanza upya asingefuta serikali za mitaa wala kuvunja vyama vya ushirika. Viwili hivyo vilikuwa vyombo ambavyo wananchi wangeweza kumjibu kwavyo.

Mwaka huo huo wa amri ya vijiji, 1973, serikali hiyo hiyo iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wapatao 2,000,000 walikusanyika katika vikundi kote nchini, wakasikiliza redio, na kijitabu kikasomwa kwa sauti ili wasiojua kusoma wasiachwe nyuma. Kisha walijadili: malaria inatoka wapi kijijini kwetu, kichocho kinaingiaje, nani atachimba choo na lini. Mkulima aliyeona kwamba kijitabu hakilingani na hali ya shamba lake aliweza kusema hivyo mbele ya wenzake, na kiongozi wa kikundi, ambaye mara nyingi alikuwa jirani yake tu, ilimpasa kumjibu. Vyoo vilichimbwa kwa wingi kwa sababu uamuzi ulikuwa wa waliosoma pamoja.

Laiti ile amri ya kuhama ingepitishwa kwanza katika vikundi vya namna hiyo, ikasomwa kwa sauti pamoja na Uhuru na Maendeleo, na mwenye shamba akaruhusiwa kuuliza kwa nini maandishi mawili ya mtu mmoja hayakubaliani. Swali hilo bado linaweza kuulizwa. Wagombea wanapohojiwa redioni siku hizi huulizwa wamesoma wapi na wana shahada ngapi, na wao hujibu kwa raha. Waulizwe pia ni kitabu gani kiliwahi kuwafanya waubadilishe uamuzi waliokwisha kuutangaza, na nani alikuwapo walipoubadilisha.