Fungu la Mtoto wa Mwalimu

Kumsifu marehemu ni jambo jepesi. Kumkumbuka ni kazi nyingine, kwa maana anayekumbuka hana budi kuyataja na yaliyokosekana, la sivyo atakuwa amechonga sanamu na kuiita baba. Sisi tumezaliwa na mwalimu wa bendi ya shule nchini Uganda, na tangu tulipomzika swali moja halijatuacha: je, mwalimu aliyejitoa kwa watoto wa wenziwe anadaiwa na wanawe mwenyewe?

Baba alijifunza tarumbeta katika bendi ya polisi, na humo ndimo alimokipata Kiswahili chake. Wasomaji wa pwani huenda wakastaajabu, lakini huku kwetu lugha hii ilienezwa sana na askari tangu enzi za King's African Rifles, hata wengi wakaiona kuwa lugha ya amri na bunduki. Baba aliitumia kuwahesabia watoto mapigo na kuwakumbusha kupumua. Wazazi wengine hawakupendezwa. Yeye hakujali.

Wiki za kuelekea tarehe 9 Oktoba, Sikukuu ya Uhuru, hatukumwona kabisa. Wimbo wa taifa alioutunga George Kakoma, uliopokewa mwaka 1962, ni miongoni mwa zilizo fupi kabisa duniani, na baba alishika kwamba wimbo mfupi haumpi mpigaji mahali pa kuficha kosa. Kisha serikali ilipoanzisha mpango wa elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, watoto wakaongezeka maradufu, vyombo visiongezeke. Basi wawili waligawana tarumbeta moja: huyu apulize, yule afanyize vidole juu ya kijiti, kisha wabadilishane. Jioni alikaa peke yake akimwaga maji ya pumzi kutoka mirijani, akitia mafuta, akisugua shaba kwa majivu na ndimu.

Sisi tulisoma shule nyingine. Dada yetu alipomwomba amfundishe klarineti, alijibiwa kwamba chombo ni mali ya shule na hakivuki lango kwa ajili ya watoto wa mwalimu. Jibu hilo lilikuwa la mtu mwaminifu, nasi hatulilaumu. Lakini dada hakujifunza klarineti.

Siku ya mazishi watu wazima tusiowajua walisimama mmoja baada ya mmoja. Mmoja alisimulia jinsi baba alivyokesha naye hospitalini alipokuwa mtoto, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine. Usiku ule nasi twaukumbuka. Tulikesha tukimngoja.

Wapo wanaotufariji kwa methali: mganga hajigangi. Methali hii hunenwa vibaya mara nyingi. Yaeleza upungufu wa mganga, haimpi ruhusa ya kuwaacha wagonjwa wa nyumbani mwake. Wengine husema mwalimu ni baba wa wote, nao pia wanakwepa swali, maana baba wa wote aweza kuwa si baba wa yeyote. Sisi kwa muda mrefu tulishika hoja kali zaidi. Tulisema: alichowapa wanafunzi baada ya saa za kazi kilikuwa fadhila, anachodai mtoto kwa mzazi wake ni haki, na haifai mtu kutoa fadhila kwa mali iliyo haki ya mwingine.

Hoja hiyo yapendeza masikioni, lakini haitoshi. Tazama habari ya Wilberforce Whiteman, aliyesimamia muziki katika shule za mji wa Denver, Marekani. Mwanawe, Paul, alipata umaarufu mkubwa, na ni okestra yake iliyopiga kwa mara ya kwanza Rhapsody in Blue ya George Gershwin, mjini New York, mwaka 1924. Aghalabu mzee hutajwa kama baba wa Paul tu. Lakini alifundisha pia Jimmie Lunceford na Andy Kirk, vijana weusi ambao baadaye waliongoza okestra zao wenyewe. Katika Marekani ya zama zile, ubaguzi wa rangi uliwafungia vijana wa namna hiyo milango mingi. Je, saa alizowapa zilikuwa fadhila tu? Mtoto asiye na mlango mwingine, anapobisha kwa mtu awezaye kumfungulia, ana dai lililo zito kuliko ombi. Yule mgonjwa wa hospitalini hakuwa na mwingine. Sisi tulikuwa na mama.

Kwa hiyo haki ziligongana na haki, na hapo hesabu ya deni huwa ngumu. Hata hivyo twashikilia jambo moja. Mtu akichukua fungu la mtoto kwa sababu njema, amwambie mtoto. Hatukuambiwa. Tungeombwa, yamkini tungetoa, hata dada, aliyekuwa na moyo mpana kuliko sisi sote.

Tulipomsomea mama maneno haya, alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba baba aliomba. Kila mwanzo wa muhula alimwuliza yeye kama aendelee na bendi, naye kila mara alikubali kwa niaba yetu. Mara moja tu alikataa, mwaka aliozaliwa kitindamimba, na mwaka ule bendi haikupiga.

Hatujamwuliza bado kwa nini hakutueleza.