Nyongeza ya nani?

Ukinunua nyanya Kongowea, ukishalipa unasema, "Mama, niongeze basi." Naye anakutilia moja, mbili, kwa hiari yake. Nyanya ni zake. Hiyo ndiyo nyongeza ninayoijua mimi.

Tangu niache chuo ninaandika makala za mtandaoni kwa wateja nisiowajua sura. Wa juzi alitaka maneno elfu moja: mtu anayekwenda Antaktika kwa meli ya kitalii aongeze nini kwenye safari yake? Meli nyingi za huko huondokea Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina. Maagizo yalikuwa wazi. Ushuaia, nusu siku inatosha: gereza lililofungwa 1947 ambalo sasa ni makumbusho, halafu treni ndogo ya njia ile waliyopitishwa wafungwa kwenda kukata miti, kisha rudi melini.

Wenzangu huniuliza kama si uongo kuandika pahali sijafika. Sioni hivyo. Mwalimu wangu wa jiografia naye hakuwahi kufika Siberia, na tulimwamini. Kilichonikwama ni lile neno "inatosha". Inamtosha nani?

Maana hata sisi ni nyongeza ya watu. Meli ya kitalii ikiingia Kilindini, feri ya Likoni husubiri ipite. Sisi huku chini na mikokoteni yetu, wao kule juu na kamera. Wakishuka wanapelekwa Fort Jesus (nayo ilikuwa gereza, kuanzia 1895 hadi 1958), Mji wa Kale, pengine kwa wachongaji wa Kikamba kule Changamwe. Likoni haimo. Sisemi wasije, hapana. Dereva na mchongaji wanakula kwa hizo saa chache, na anayeidharau pesa hiyo bila shaka kodi ya nyumba analipiwa na babake.

Lakini hapa anayeongeza si mwenye nyanya. Muuza safari anaongeza mji wa wenyewe, halafu anaupimia na saa.

Pande hizo za Ushuaia ni kwao Wayaghan, watu wa mitumbwi waliokaa huko maelfu ya miaka kabla ya gereza lolote. Cristina Calderón, msemaji wa mwisho aliyekulia lugha yao, aliishi ng'ambo ya mlango-bahari wa Beagle, kwenye kisiwa cha Navarino, upande wa Chile. Alifariki 2022 akiwa na miaka 93. Wajukuu wapo. Kwenye maagizo ya mteja hawakutajwa hata kwa nusu sentensi. Gereza lilitajwa mara nne, nilihesabu.

Nikafuta "inatosha". Nikaandika: "Kwa nusu siku utaona gereza na treni. Wenyeji hutawaona." Nikaongeza aya moja ya Wayaghan, bila malipo.

Mteja aliiacha aya, akarudisha "inatosha". Pesa alituma siku ileile.