Namba Isiyo na Chenji



Wapendwa vijana, Jumapili iliyopita hapa Tabora binti mmoja wa kidato cha nne alinivuta pembeni baada ya Misa. "Frateri, nimeambiwa watakaoingia mbinguni ni 144,000 tu. Sasa sisi wengine tunasali ya nini?" Hakuwa anatania. Alishapiga hesabu: ukigawa watu bilioni 8 kwa 144,000, anapona mmoja kati ya 55,555. "Na mimi hata darasani sijawahi kuwa wa kwanza."

Basi tukafungua Ufunuo sura ya 7, na kalkuleta ya simu pembeni.

144,000 ni 12 mara 12 mara 1,000. Makabila 12 ya Israeli, mitume 12, halafu elfu, yaani 10 mara 10 mara 10. Ukiivunja mpaka kwenye namba tasa unakuta 2, 3 na 5 tu, zimerudiwarudiwa. Ndiyo maana ina vigawo 96. Wapange watu hao kwa 5, kwa 8, kwa 9, kwa 12: habaki hata mmoja. Kwa 7 wanabaki watatu (na tafadhali, asije mtu akaniambia hao ni Utatu Mtakatifu).

Sasa linganisha na sensa yetu ya 2022: watu 61,741,120. Ile 120 ya mwisho ndiyo inayokuonyesha kwamba kuna karani aliyepita nyumba kwa nyumba. Watu halisi wakihesabiwa, chenji haikosi. Kwa Yohane kila kabila lina 12,000 kamili, na kabila la Dani halimo kabisa. Hiyo siyo sensa. Ni namba iliyojengwa kama ukuta, kusema taifa la Mungu limetimia.

Na mji wetu unajua kuhesabu watu. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilikutana hapa: wapagazi Wanyamwezi, wengi wao watu huru wa ujira, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi; na mateka, ambao walihesabiwa kama pembe za ndovu. Adrian Atiman alitekwa na kuuzwa namna hiyo akiwa mtoto, mbali huko Afrika Magharibi. Wamisionari wa Afrika walimkomboa, akasomea utabibu Malta, akaja kutibu watu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki 1956. Mtoto aliyewahi kuwa na bei!

Nilimwomba binti asome tena, taratibu. Katika aya ya 4 Yohane *anasikia* idadi. Aya ya 9 *anatazama*, na anachokiona ni umati wa kila taifa na kila lugha, usiohesabika kwa mtu yeyote.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo aliyeniambia aliishia aya ya 8?"

Aliishia aya ya 8.

Jumapili ijayo tunasoma sura ya 21, kuta na milango; zile 12 zinarudi. Njooni na Biblia. Kalkuleta ruksa.