Nguvu Zinatoka Kwenye Nyayo

Acha kuupiga mpira wa gofu kwa mabega na hasira! Wewe wa Njombe, wewe wa Makambako, unayepandisha gunia la viazi kutoka bondeni hadi barabarani, nguvu unazo tayari. Kilichobaki ni kuzipitisha njia yake. Zinaanzia chini, kwenye nyayo, zinapanda miguuni na kiunoni, na mikono inakuja mwisho kabisa.

Simama mbele ya mpira, uzito ugawanyike sawa kwa miguu yote miwili. Usiegemee visigino wala vidole. Uzito uwe katikati ya unyayo, magoti yamelegea kidogo. Kama unatumia mkono wa kulia, fimbo inapopanda nyuma sehemu kubwa ya uzito ihamie mguu wa kulia, upande wa ndani. Upande wa ndani, nasisitiza. Ukiusikia uzito kwenye ukingo wa nje wa kiatu, ujue hukugeuka, umeteleza pembeni, na kurudi kwa wakati hutaweza. Wengi wanapotelea hapo. Kisha, kabla mikono haijaanza kushuka, mguu wa kushoto upokee. Fimbo ikigusa mpira, uzito mwingi uwe umeshafika mbele. Pigo likiisha, karibu wote uko mguu wa kushoto, kifua kinatazama shabaha, kisigino cha kulia kimeinuka.

Kosa baya kuliko yote ni kufanya kinyume chake: kuegemea mbele fimbo inapopanda, kisha kukimbilia nyuma inaposhuka. Anayefanya hivyo anataka kuunyanyua mpira. Usiunyanyue! Uso wa fimbo umetengenezwa kwa mwinamo ili ufanye kazi hiyo. Kazi yako ni kwenda mbele.

Usiniambie wewe ni mfupi. Gary Player wa Afrika Kusini ana kimo cha sentimita 168 hivi, na alishinda mataji makubwa 9. Mara nyingi, akishapiga, alichukua hatua moja mbele kana kwamba anaufuata mpira, kwa sababu mwili wake wote ulikuwa umeshaelekea huko. Wala usiniambie mchezo huu una wenyewe. Dismas Indiza wa Kenya alianza kama kedi huko Mumias, akibeba mifuko ya wachezaji wengine, hadi akawa mchezaji wa kulipwa. Nanyi dada zangu, mtazameni Madina Iddi, aliyeipeperusha bendera ya Tanzania kwenye mashindano ya wanawake nje ya nchi.

Sasa tuje nyumbani. Aliyejifunzia kwenye tambarare huogopa mteremko. Wewe umekulia juu yake, miguu yako inaujua. Mpira ukiwa kwenye mpando, mabega yafuate mlima, na ujizuie usirudi nyuma, maana mlima utakuvuta. Mpira utaruka juu na kuanguka karibu, hivyo chukua fimbo ya kwenda mbali zaidi. Kwenye mteremko uzito ukae mguu wa chini tangu mwanzo, na mpira utaruka chini chini. Mpira ukiwa juu kuliko nyayo zako, utavutwa kushoto. Shika fimbo chini kidogo na ulenge kulia. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira unakwenda mbali kuliko pwani. Hiyo ni bakhshishi ya mlima, lakini anayepepesuka hanufaiki nayo.

Makambako mna mwalimu mwingine: upepo. Ukivuma, panua miguu kidogo, fupisha mzunguko, piga taratibu. Anayeshindana na upepo kwa kutumia nguvu zaidi huyumba kabla hata ya kuugusa mpira.

Huna fimbo? Kata mti wa urefu wa fimbo ya kutembelea. Unganisha miguu, kiatu kiguse kiatu, kisha zungusha polepole. Ukitumia mabega peke yake utaanguka papo hapo, na hakuna kocha atakayekusahihisha haraka kuliko hivyo. Halafu tenganisha miguu, piga kwa mzunguko kamili, ubaki pale ulipomalizia huku ukihesabu moja, mbili, tatu. Ukiyumba kama anayetoka kilabuni kwa ulanzi, punguza kasi na urudie. Mimi kipimo hiki nakiamini kuliko umbali mpira ulikokwenda, kwa sababu mpira unaweza kubahatisha, miguu haibahatishi.

Ukishaweza kusimama hivyo, panda gari uende Mufindi, mkoa jirani wa Iringa, ambako kuna uwanja wa gofu kwenye eneo la mashamba ya chai. Lakini usisubiri safari hiyo ndipo uanze. Kesho asubuhi, kabla hujashika jembe au kufungua duka, miguu pamoja, fimbo mkononi, mapigo ishirini. Anza!